Jina la Githae Katika Mstari wa Kumi na Nne

Kaloki alitolewa kliniki Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye foleni, koti lake mkono mmoja na kikombe chake cha chai mkono mwingine. Mlinzi alimfuata hadi nje kana kwamba mzee wa miaka hamsini na minane, aliyetunza faili za pale kwa miaka kumi na tisa, angechomoka na mashine ya eksirei mgongoni. Waruguru alikuwa akipanda ngazi kwenda ofisini kwao, ghorofa moja juu ya kliniki hiyo pale Ruiru. Alisimama kumpisha. Kaloki hakumsalimia. Alisema tu, bila kumwangalia, kwamba watu wa kompyuta wana raha yao, wakikosea wao hutafutwa mwingine.

Maneno hayo yalimkaa Waruguru kooni kutwa nzima, kwa sababu yalikuwa kweli.

Wiki iliyotangulia, faili ya matibabu ya mama mmoja anayeuza nguo sokoni Githurai 45 ilikuwa imeibwa kutoka kwenye mfumo wa kliniki na kutupwa katika kikundi cha WhatsApp cha soko lao. Ugonjwa wake, dawa zake, tarehe zake, vyote. Mama huyo alifunga kibanda chake na hakuonekana tena sokoni. Daktari Zahra, mwenye kliniki, alitaka kujua ni nani aliyefanya unyama huo. Bridget, mwenye kampuni ndogo iliyotengeneza mfumo, alimwandikia barua kwamba mfumo hauna kasoro yoyote, na kwamba mtu pekee mwenye nafasi ya kuona faili zote ni mtu wa rekodi. Mtu wa rekodi alikuwa Kaloki. Ikawa imeisha hapo.

Waruguru ndiye aliyeutunza mfumo huo, na alijua kwamba Bridget hakuwa ameufungua hata mara moja kabla ya kuandika barua ile.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Makongeni, Thika, katika nyumba ambayo vitabu vilikuwa na kabati lake na sahani zikawekwa kwenye ndoo. Mama yake, Magdalene, alifundisha Kiingereza na historia hadi alipostaafu. Baba yake, Gerishon Githae, alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa, yule bwana wa baiskeli aliyefunga bucha chafu na kurudisha nyama aliyopelekewa nyumbani. Alimwita Waruguru "maitu", yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa msichana huyo alibeba jina la mama yake mzazi, na alipokosea alimkemea kwa adabu ile ile ambayo mtu angemkemea mamake. Mitaani ilitosha kusema wewe ni wa Githae. Dukani ulipewa unga ukalipa kesho. Shuleni ulichapwa mara mbili, moja ya kosa na moja ya kuaibisha mzee.

Waruguru alisomea kompyuta, akaajiriwa na Bridget, akapanga chumba karibu na Kamakis, ambako moshi wa nyama choma huingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Hakuwa na makuu. Alipenda kazi iliyofanywa sawasawa, na hakuna kilichomkera kama kazi iliyofanywa nusu kisha ikapakwa rangi.

Mfumo wa Daktari Zahra ulikuwa hivyo hasa. Programu inayosoma faili za wagonjwa huhitaji neno la siri la kuifungulia stoo ya data, na yeyote mwenye neno hilo huona kila kitu. Neno hilo lilikuwa limeandikwa wazi ndani ya msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayoiendesha programu, mstari wa kumi na nne, ambapo kila aliyewahi kufanya kazi kwa Bridget angeweza kulisoma. Neno lenyewe lilikuwa Githae1949.

Aliyeliandika alikuwa Gachau, mdogo wake Waruguru, aliyefanya kazi pale kabla yake. Alianza kuujenga mfumo huo katika wiki zile zile walizomzika baba yao, akaweka jina la mzee na mwaka wake wa kuzaliwa. Pengine ilikuwa njia yake ya kulia. Kisha alipata kazi Nairobi, akaondoka, na Waruguru akaachiwa kiti, kompyuta na mstari wa kumi na nne.

Mara tatu katika miaka miwili alimwambia Bridget kwamba siri haikai ndani ya msimbo, inawekwa kwenye sefu. Mara tatu Bridget alikubali kwa kichwa. "Waruguru, mteja haoni hiyo," alimwambia mara ya mwisho. "Mteja anaona vitufe na rangi. Tumalize vitufe kwanza."

Lakini Waruguru alipojihukumu Jumanne hiyo, hakuweza kumtupia Bridget lawama yote. Angeweza kulibadilisha neno lile mwenyewe alasiri yoyote. Hakulibadilisha kwa sababu kila asubuhi alipofungua faili ile alikutana na jina la baba yake hapo juu, na ilikuwa kama kumwamkia. Alifanya kaburi la mzee kuwa mlango wa watu wengine. Hilo alilikiri moyoni akiwa ameuma meno.

Hakuomba ruhusa tena. Alikaa chini, akafungua sefu ya siri kwenye wingu, yaani kwenye zile kompyuta za kukodi zilizo mbali ambako mfumo wa kliniki tayari ulikuwa unaishi. Hakuijaza kwa mkono, maana kinachoandikwa kwa mkono kuna jicho lililokiona. Aliandika programu fupi ya kuifanya kazi hiyo. Programu ilibuni neno jipya la herufi arobaini zisizo na maana, ikalifanya kuwa kufuli jipya la stoo ya data, ikalitia ndani ya sefu chini ya lebo, kisha ikalisahau. Waruguru mwenyewe hakuliona. Halafu akaufuta mstari wa kumi na nne na mahali pake akaandika ombi: mfumo ukiamka, uiendee sefu, ujitambulishe kwa kitambulisho ulichopewa na wingu lenyewe, na uombe kitu chenye lebo fulani. Ndani ya msimbo ilibaki lebo tu. Atakayeuiba msimbo sasa ataondoka na jina la droo, si kilichomo.

Mara ya kwanza sefu ilikataa. Alikuwa ameiunda bila kuupa mfumo idhini ya kusoma, na kwa dakika sita kliniki nzima ilisimama. Bridget alikuja akitoa macho, akauliza ni nini kinaendelea. Waruguru alimwambia asubiri, akaongeza idhini, ya kusoma tu na ya siri hiyo moja tu, akaujaribu tena. Faili zilifunguka. Kwenye daftari la sefu paliandikwa ni mfumo gani umeomba, siri gani, saa ngapi.

Kazi ya alasiri moja. Hilo ndilo lililomchemsha damu kuliko yote. Mama wa watu alikuwa amevuliwa nguo mbele ya soko, na Kaloki amefukuzwa kama mwizi wa kuku, kwa ajili ya kazi ya alasiri moja.

Kisha alisoma kumbukumbu za stoo ya data za siku ile ya balaa. Akaunti ya Kaloki haikuguswa. Aliyeingia aliingia kwa ufunguo mkuu, kwa neno lile la mstari wa kumi na nne, kupitia intaneti ya simu iliyokuwa nje ya kliniki. Mtu alikuwa analijua. Ofisini walikuwa wanne, na kwa siku tatu Waruguru aliwatazama wenzake kwa jicho baya, akawanyima hata sukari.

Jumamosi alikwenda Makongeni kumwona mama yake. Magdalene alimtuma kitambaa cha meza kwenye kabati, na chini ya kitambaa Waruguru akakuta rundo la vijitabu vya mazishi ya baba yao vilivyobaki. Alichukua kimoja ili akitazame tu. Picha ya mzee na tai yake ya Jumapili. Chini ya picha, kwa herufi kubwa za dhahabu: GERISHON GITHAE, kuzaliwa 1949.

Akaketi sakafuni.

Vilichapishwa mia nne na hamsini. Wafanyakazi wa kliniki walikuja mazishini kwa magari mawili, kwa heshima ya Gachau, na kila mmoja alipewa chake. Nyumba ya Mkikuyu haitupi kijitabu chenye uso wa marehemu. Hukaa chini ya runinga, hukaa ndani ya Biblia, miaka na miaka. Neno la kufungulia siri za wagonjwa wote wa Daktari Zahra lilikuwa limechapishwa kwa karatasi ya kung'aa na kugawiwa watu bure pamoja na soda.

Alimpigia Gachau simu aje mara moja. Kijana alifika kabla ya chakula, viatu vikimeta, kwa kuwa siku tisa baadaye, Jumatatu, angeanza kazi mpya katika kampuni kubwa ya Nairobi, kazi ya kulinda mifumo. Magdalene alikuwa amelitangazisha jambo hilo kanisani. Waruguru alimwuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwambia neno lile. Gachau alicheka, akasema hapana, labda utani tu. Wasichana wa mapokezi walipomwuliza mfumo una ulinzi gani, aliwajibu kwamba mzee wake ndiye anayeshika mlango.

"Uliwaambia wangapi?"

"Siz, ilikuwa jokes."

"Wangapi, Gachau?"

Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Yeye na Waruguru walimkumbuka kwa pamoja msichana mmoja wa mapokezi, aliyeacha kazi Januari baada ya kugombana na kila mtu.

Alichosema baadaye kilimfanya Waruguru asimame. Alisema bado kuna njia. Msimbo wowote huhifadhiwa pamoja na historia yake: kila mstari, nani aliuandika, tarehe gani. Waruguru aisafishe historia hiyo, mstari wa kumi na nne utoweke hadi mwanzo kabisa, na jina lake litoweke nao. Akiulizwa aseme anaondoa neno la siri lililosahaulika humo. Ni jambo la kawaida, hata wataalamu wanalishauri.

Waruguru alimjibu kwamba kufuli limebadilishwa tangu Jumanne. Neno la zamani halifungui kitu chochote duniani, hata likiandikwa ukutani. Katika historia ile hakuna siri iliyobaki ya kusafisha. Kilichobaki ni jina la Gachau tu.

Magdalene alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake. Alikuwa mwanamke wa kuongea polepole, aliyezoea madarasa kunyamaza bila kuinua sauti.

"Baba yenu alijenga hilo jina miaka arobaini," alisema. "Wewe unataka kulipeleka Ruiru Jumatatu likasomwe kwa kompyuta."

"Mami, limeshasomwa. Ndiyo maana mama wa watu hawezi kwenda sokoni."

"Huyo Kaloki atapata kazi kwingine. Kwani ni nani kwetu?"

Waruguru hakuwahi kumpandishia mama yake sauti tangu azaliwe, wala siku hiyo hakuipandisha, ila alikikunja na kukikunja tena kitambaa cha meza alichokuwa bado amekishika. Alisema Kaloki ni mtu ambaye sasa hivi amebeba kosa la Githae mgongoni, na amelibeba siku tano bila kuambiwa ni la nani. Alisema kama jina zuri linahitaji mzee asiye na hatia ashikiliwe chini yake ili lisimame, basi yeye halioni uzuri wake.

"Ukienda huko Jumatatu," Magdalene alisema, "usirudi hapa."

Gachau alitazama viatu vyake. Chakula kilibaki jikoni, na Waruguru akaondoka na njaa.

Jumatatu Bridget na Waruguru waliitwa katika chumba cha Daktari Zahra ili Kaloki atie sahihi barua ya kuacha kazi. Bridget alikuwa amevaa vizuri na alikuwa na haraka. Kaloki alikaa pembeni, koti lake likiwa limekunjwa magotini, macho kwenye kalamu iliyowekwa mbele yake. Kabla hajaigusa, Waruguru aliomba dakika kumi, akaweka laptopu mezani.

Alieleza kama anavyomweleza mtu aliye na akili timamu ila hajasomea mambo hayo. Akaonyesha mstari, akaonyesha kumbukumbu za siku ile, akaweka kijitabu cha mazishi kando ya kompyuta, akawaacha wasome wenyewe. Akaonyesha pia sefu na jinsi inavyofanya kazi sasa. Bridget alianza kusema kwamba haya ni mambo ya ndani ya kampuni, yangejadiliwa kwanza juu, ofisini. Daktari Zahra alimkatiza kwa kuinua kidole kimoja.

"Uliniandikia mfumo hauna kasoro. Ulikuwa umeuangalia?"

Daktari akamgeukia Waruguru. "Huu mstari uliandikwa na nani?"

Hapo ndipo Waruguru alipohisi uzito wa miaka arobaini ya baba yake, baiskeli na nyama zilizorudishwa, vyote vimemkalia kwenye ulimi.

"Gachau Githae," alisema. "Ni ndugu yangu, tumbo moja. Na mimi niliuona miaka miwili nikauacha. Kaloki hakufanya chochote."

Kaloki aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hakushukuru. Aliisukuma kalamu nyuma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa mdudu kwenye sahani, akauliza kama anaweza kwenda chini kufungua chumba cha rekodi, kwa sababu watu wanasubiri.

Mambo mengine yalifuata kwa mkondo wake. Daktari Zahra aliipeleka polisi kesi ya yule msichana wa mapokezi, ambaye Waruguru alimtaja kuwa ndiye anayeshukiwa, na yeye mwenyewe akaenda Githurai kumwomba msamaha yule mama, ambaye hakumfungulia mlango siku ya kwanza wala ya pili. Bridget aliacha kumsemesha Waruguru isipokuwa kwa barua pepe, ingawa hakuthubutu kumfukuza, kwa kuwa Daktari alisema wazi kwamba mkataba utakaa pale alipo Waruguru. Gachau, akijua taarifa ya tukio ina jina lake, aliwapigia simu waajiri wapya akawaambia kabla hawajasikia. Walimshukuru kwa ukweli wake, na wakamwambia asije.

Siku kumi na moja Magdalene hakupokea simu ya binti yake. Waruguru naye, baada ya siku ya nne, aliacha kupiga. Alikuwa na hasira zake mwenyewe, na hakuona kwa nini azizime yeye wa kwanza.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi asubuhi, aligongewa geti pale Kamakis. Alikuwa mama yake, na suti ya buluu ya kanisani, mkoba mkononi, uso umekaza. Nyuma yake Gachau alisimama na raba za kawaida, hajanyoa. Magdalene hakusema samahani wala hakuomba kuingia.

"Baba yenu aliwahi kufunga hoteli ya mtu ambayo haikuwa na kosa," alisema. "Mwaka wa themanini na tatu. Alipogundua, hakutuma barua. Alirudi mchana, saa ya chakula, akaifungua kwa mkono wake na akasema amekosea, watu wakisikia. Nilikuwa nimelisahau hilo, na mimi ndiye niliyeandika maisha yake kwenye kile kijitabu. Tupeleke kwa huyo mzee."

"Sasa unakubali nilichofanya?"

"Sijakuuliza hivyo. Nimesema tupeleke."

Kaloki alikuwa anaishi katika ploti ya wapangaji ya ghorofa tatu nyuma ya barabara ya lami, na aliwapokea mlangoni akiwa na fulana na kandambili. Mkewe alianza kupangusa viti. Magdalene alijitambulisha kwa jina la marehemu mumewe, akasema wamekuja kukiri kosa la mtoto wao. Kaloki alimsikiliza kwa heshima, kisha akawakataza kuketi. Alisema kazi amerudishiwa, hilo hana neno nalo. Lakini hapa plotini, siku zile za kukaa nyumbani, habari zilifika kabla yake. Watu walianza kuficha simu akipita. Mwenye nyumba alimwuliza mkewe kama watahama mwisho wa mwezi. Wanawake walikuwa wananyamaza mkewe akifika mferejini, penye bomba la maji la ploti.

"Hayo hayakusemwa ndani ya nyumba yangu," alisema. "Sitaki yasemewe ndani. Mfereji uko pale."

Gachau alimtazama mama yake. Magdalene hakumtazama. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili na akatangulia kushuka ngazi.

Mferejini palikuwa na wanawake saba au wanane, ndoo zimepangwa, na wanaume wawili wakiosha pikipiki. Gachau alisimama karibu na karo la kufulia, akakohoa, akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na shida fulani kazini, ya kiufundi, ambayo ilisababisha kutoelewana. Maneno yalimtoka yakiwa yamevaa kanzu. Waruguru, mikono kifuani, alihisi hasira ikimpanda upya hadi masikioni.

Mwanamke mmoja alifunga mfereji ili asikie vizuri. "Sauti haifiki huku nyuma, kijana."

"Anza upya," Magdalene akasema. "Sema ulifanya nini. Na utaje jina lako lote."

Gachau alijifuta midomo. Akainua kichwa, akataja jina lake, la baba yake, na walikotoka Makongeni, na safari hii hata waliokuwa ghorofa ya tatu walifungua madirisha.